Nzi Ndani ya Yai

Bi Lampaert alitugawia maneno kama mtu anayegawa viazi: lako hili, lako lile, hakuna kuchagua. Tulikuwa watu wazima kumi na wanne katika darasa la jioni pale mjini Tielt, kila mmoja aliacha shule kwa sababu yake, na mtihani wa mwisho wa lugha ulikuwa huo tu. Unapewa neno moja. Unalisikiliza linavyotumika nyumbani na barabarani, kisha Jumamosi ya mtihani unakaa saa mbili nzima unaliandikia insha. Jirani yangu alipata "ukungu". Mwingine akapata "mkwe", darasa zima likacheka. Mimi nikapata wreed.

"Una bahati, Katelijne," alisema Bi Lampaert. "Hilo utalisikia mpaka masikio yakuume."

Na kweli. Kamusi inasema wreed ni katili, asiye na huruma, anayeumiza akijua anaumiza. Lakini sisi wa Flandria ya Magharibi tunalipaka kila mahali kama siagi. Supu nzuri wreed. Mvua imenyesha wreed. Mtoto wa fulani amekua wreed. Kasisi wetu aliwahi kusema madhabahuni kwamba Mungu ni mwema wreed, na hakuna aliyeshtuka.

"Ila nataka mfano mmoja," Bi Lampaert aliniambia nilipokuwa navaa koti, "ambao neno limesimama lenyewe, kwa maana yake. Mtu amwambie mtu uso kwa uso. Na uusikie kwa masikio yako, usiutunge. Bila huo, insha yako ni nusu."

Nikamwambia huo ni mdogo, nitaupata. Nikasikiliza wiki tatu. Sikuupata.

Tuliishi kwa baba mkwe wangu, Odiel, nje kidogo ya kijiji: mimi, mume wangu Wannes, na binti yetu Fien wa miaka miwili na miezi mitatu. Nyumba ya matofali, yenye mlango wa mbele usiofunguliwa. Mara ya mwisho ulifunguliwa kupitisha jeneza la mama mkwe, na tangu hapo kabati la vikombe vya ushindi limesimama mbele yake. Watu wote tulitoka kwa mlango wa jikoni, tukavuka ua, tukapita chini ya banda la njiwa, tukafungua geti. Njia ilikuwa hiyo moja. Odiel akiwa kwenye kiti chake uani, hupiti bila yeye kujua umevaa viatu gani.

Alikuwa mtu mpole, Odiel. Sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Njiwa akiugua alimlaza kifuani ndani ya sweta na kumnywesha kwa kijiko cha chai. Alikuwa nao sitini, wote wa mashindano. Wanapelekwa Ufaransa kwa lori, wanafunguliwa huko alfajiri, na anayefika nyumbani kwanza ndiye mshindi.

"Njiwa haendi popote, binti," alinifundisha mwaka wa kwanza nilipoolewa. "Watu hudhani anakwenda. Kazi yake yote ni kurudi. Wewe unachofanya ni kumpa sababu."

Sababu zilikuwa za aina nyingi. Madume aliwafuga kama wajane, desturi ya wafugaji wote wa kwetu: wiki nzima dume hamwoni jike wake, halafu dakika tano kabla ya kutiwa tengani anaonyeshwa, anamzunguka, anaimba, na papo hapo anakamatwa. Huyo atarudi mbio. Majike nao hupelekwa wakiwa wanaatamia. Na kwa jike aliyeatamia, Odiel alikuwa na ufundi aliorithi kwa baba yake. Unachukua yai bovu, unalitoboa, unalimwaga, unalikausha. Unatia nzi mzima ndani. Unaziba tundu kwa nta ya mshumaa. Kisha unaliweka chini ya jike saa moja kabla ya safari. Nzi akihangaika mle ndani, jike anahisi kitu kinagonga, anadhani kinda lake linataka kutoka. Hapo unamwinua na kumtia tengani.

"Huyo hata mvua ya mawe haimzuii," alisema Odiel. "Anarudi wreed."

Kazi ya kutia nzi ilikuwa yangu. Vidole vyake vilikuwa vinene, vya Wannes vilitetemeka kwa sigara. "Una mikono mizuri wreed," Odiel alinisifu, na nikaona fahari. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mimba ya miezi mitano, na katika nyumba ile hicho kilikuwa kitu changu cha kwanza kusifiwa.

Sasa, habari ya Wannes. Ukimuuliza mtu yeyote kijijini atakwambia ni kijana mzuri. Halewi. Hapigi. Akitoka kazini kiwandani anambeba Fien mabegani mpaka kwa mwokaji. Nilipomwambia nataka kusoma jioni akasema, "Nenda. Mimi nimewahi kukukataza kitu?"

Jioni ya tatu ya masomo, mzee Gaston, mlinzi wa shule, aligonga mlango wa darasa. Simu ya shule iko chumbani kwake. "Katelijne, mumeo. Anasema mtoto ana homa."

Kilomita sita kwa baiskeli, mvua ya Februari usoni. Nilipofika Fien alikuwa amelala, paji la uso wake baridi kama sahani. Wannes alikuwa ameketi kando ya kitanda.

"Imeshuka," alinong'ona. "Lakini ilikuwa kali wreed. Alikuwa anakuita."

Akanivua koti lililolowa. Akanipashia maziwa. Nikalala nikishukuru.

Mara ya pili ilikuwa Machi. Mara ya tatu ilikuwa mwezi wa Aprili, siku ya mtihani wenyewe, nikiwa nimeandika ukurasa mmoja na nusu. Mtihani ukishaanza, anayetoka ametoka. Nilitoka. Nikakuta mtoto amelala, paji baridi, maziwa motoni.

"Umeona mwenyewe?" alisema Wannes, na hakusema kwa ubaya. "Ukiondoka anaumwa, ukirudi anapona. Mimi sisemi kitu. Nakuonyesha tu."

Na mimi, nikwambie ukweli, nilianza kuamini. Nilikaa sokoni na mfuko wa vitunguu nikiwaza: mama gani huyu ambaye mwanawe anapata homa akimpa mgongo? Nilikuwa nikienda dukani, narudi kwa kukimbia.

Bi Lampaert alinipigania nikapewa nafasi ya pili, pamoja na wenzangu waliofeli, Jumamosi ya mwezi wa Juni, saa nane mchana. "Ya tatu haipo," aliniambia. "Ukitoka safari hii, unaanza mwaka upya." Nami sikuwa na mwaka mwingine. Kituo cha watoto wadogo cha mji wa Roeselare kilikuwa kimeahidi kuniajiri nikileta cheti kabla ya Julai kuisha. Tena nilikuwa nimeona chumba huko, juu ya duka la mikate, chenye dirisha ambalo kitanda cha Fien kingekaa chini yake bila kubanwa. Habari ya chumba sikumwambia mtu. Niliikunja ndani yangu na kutembea nayo.

Na Jumamosi hiyohiyo ilikuwa Bourges, shindano la kutoka Ufaransa ambalo Odiel alilingoja tangu baridi.

*

Ijumaa alasiri aliniita bandani. Jike la safari hiyo aliliita Arobaini na Saba, kwa namba ya mwisho ya pete yake. Wafugaji wa kwetu hawahangaiki na majina. Alikuwa mdogo, wa kijivu cha kubluu, ameketi kwenye chungu cha kiota akiniangalia kwa jicho moja la rangi ya chungwa.

"Siku ya kumi na sita ya kuatamia hii," alisema Odiel. "Leo ndiyo anaanza kutega sikio. Nzi ninao."

Alikuwa nao kwenye gilasi, amefunika kwa kadi ya posta. Nilimkamata mmoja kwa mabawa, nikamwingiza tunduni, nikadondosha nta. Nikaliweka yai kiganjani ili lipoe kabla ya kumpa jike.

Lilikuwa jepesi, kama si kitu. Kisha likaanza kugonga. Tik. Tik-tik. Nilikuwa nimefanya kazi hiyo labda mara ishirini, na kila mara nililipitisha haraka kama kikombe cha moto. Safari hii nililishika. Tik-tik, tik. Mwili wangu ukaitika kabla ya akili: maziwa ambayo nilikwisha kuyaacha zamani yaliuma kifuani, miguu ikataka kwenda.

Nikaona paji la uso wa Fien. Lilikuwa baridi mara zote tatu.

Mtoto mwenye homa kali huacha kitu nyuma. Nywele hulowa shingoni, shuka hunuka jasho, midomo hukauka. Mimi ni mama, najua shuka la homa likoje. Mara zote tatu shuka lilikuwa kavu.

"Binti? Limepoa?" aliuliza Odiel.

"Limepoa, Baba."

Aliliingiza chini ya jike. Arobaini na Saba alijipanga juu yake, akasogeza tumbo kulia, kushoto. Halafu akaganda. Unamwona kabisa akisikiliza. Alishusha kichwa, akatoa sauti ndogo ya kooni, ile wanayowatolea makinda.

"Wreed," alisema Odiel kwa furaha, taratibu, kama mtu aliye kanisani. "Mtazame. Mtazame tu."

Saa moja baadaye alimwinua kwa mikono miwili na kumtia tengani. Alipiga mabawa mara moja. Nilishuka ngazi nikaenda jikoni, nikamenya viazi vya watu kumi, nasi tuko wanne.

Usiku huo niliuliza swali la masomo, kwa sababu nilitakiwa kuuliza kila mtu wa nyumbani. "Wannes, nipe sentensi yenye wreed."

Alikuwa akivua soksi. Akafikiri, akatabasamu. "Nakupenda wreed. Andika hiyo."

Nikaiandika.

*

Asubuhi ya shindano nyumba yetu hujifunga yenyewe. Kamba ya nguo huondolewa, maana shuka likipepea njiwa hatui. Watoto wa jirani huambiwa wakacheze mbali. Paka hufungiwa chumba cha chini. Kuanzia saa sita hakuna mguu unaokanyaga ua, kwa kuwa njiwa akiona kitu kigeni hupaa na kukaa juu ya paa, na akiwa juu ya paa saa inakimbia bure. Ni lazima aingie bandani, ashikwe, avuliwe pete ya mpira, pete itiwe kwenye saa ya mashindano. Dakika moja ya paa huweza kula mwaka mzima wa kazi.

Redio ilitangaza: Bourges, wamefunguliwa saa moja na robo asubuhi, upepo wa kusini-magharibi.

"Upepo mgongoni," alisema Odiel, na kisu cha mkate kikabaki hewani. "Saa sita na dakika arobaini wako hapa."

"Mtihani ni saa nane," nilisema.

Wannes alipaka siagi mpaka pembe zote nne za mkate. "Leo, Kat?"

"Nilikwambia."

"Uliniambia, ndiyo. Lakini leo Baba ana njiwa, na mimi nakaa klabu kwenye simu." Klabu ya wafugaji ilikuwa mkahawani, kijijini. Kila mwenye njiwa akishapata wa kwanza hupiga simu, na Wannes ndiye aliyezipokea na kuziandika ubaoni. "Fien atabaki na nani?"

"Na Baba, kama siku zote. Atalala."

"Ataumwa tena, unamjua." Aliweka kisu chini, akanipangusa makombo shavuni kwa kidole gumba. "Sikukatazi. Nenda. Nitapita kumwangalia."

Saa sita kamili alitoka. Odiel alifunga geti nyuma yake, akakaa kitini na kopo lake la mtama. Paka chumba cha chini, mimi jikoni.

Mpango wangu ulikuwa mdogo sana, hata naona haya kuuita mpango. Nitamchukua Fien. Basi. Akiwa kwenye kiti cha baiskeli nyuma ya mgongo wangu, hakuna kitu nyumbani cha kunivuta. Mara tatu sikuwaza hivyo, kwa kuwa mtu hambebi mtoto kwenda kwenye mtihani, na kwa kuwa homa ilikuwa ikinijia nikiwa tayari mbali. Njiwa watashuka saa sita na dakika arobaini, nilijiambia, Odiel atapanda bandani na saa yake, nami nitavuka ua kwa raha zangu.

Saa sita na dakika arobaini hakuna aliyeshuka.

Saa saba. Nilimvalisha Fien koti lake jekundu. Nikamvua. Supu ilifanya ngozi juu. Kupitia pazia niliona kisogo cha Odiel, na juu yake anga tupu.

"Mama, tunaenda?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado, kipenzi."

Saa saba na robo. Kwenye redio ndogo ya Odiel mtu alisema mvua imewakuta Arras, bado Ufaransa. Kutoka kwetu mpaka shule ni dakika ishirini na tano nikikanyaga kweli, na mlango wa mtihani unafungwa saa nane. Nilishika kitasa. Nikakiachia. Niseme nini, niliogopa? Hakuna ambaye angenipiga. Hakuna kufuli. Kulikuwa na ua wa hatua kumi na nane na mzee mpole kwenye kiti, nami nilisimama pale mkono kwenye chuma kama nimetiwa gundi.

Saa saba na dakika ishirini na tano Fien alichukua kiatu chake mwenyewe, akaketi sakafuni, akakivaa mguu usio wake. "Mimi naenda," alisema.

Nikafungua mlango.

Odiel hakugeuka mara moja. Alidhani ni upepo. Aliposikia changarawe aligeuza kichwa, na macho yakamtoka. Lakini siku ya shindano hata hasira haina ruhusa ya kupaza sauti. Ugomvi wetu wote ulikuwa wa kunong'ona.

"Rudi ndani."

"Nahitaji baiskeli, Baba."

"Katelijne. Rudi ndani. Wako njiani."

"Na mimi niko njiani."

"Dakika kumi!"

"Sina kumi."

Nilifika bandani chini, nikaitoa baiskeli. Gurudumu la nyuma lililia kwi, kwi. Odiel alishika kichwa kwa mikono miwili. Nilikuwa nampandisha Fien kwenye kiti chake pale alipoelekeza kidole juu na kusema, kwa sauti yake yote, "Tiwa!"

Alikuja kutoka upande wa kanisa, peke yake, chini kabisa, mabawa yamebanwa. Arobaini na Saba. Hata mimi moyo uliniruka. Alipita juu ya ukuta, akafungua mkia ili atue kwenye ubao wa banda, akaona koti jekundu. Akapaa. Akazunguka mara moja na kukaa juu kabisa ya paa la nyumba, mdomo wazi, kifua kikipanda na kushuka.

Odiel alitikisa kopo la mtama. "Njoo, mama. Njoo, njoo, njoo." Hakushuka. Alitazama banda, akatutazama sisi.

Ndipo baba mkwe wangu akanigeukia. Ule uso sikuwahi kuuona.

"Wewe ni wreed," alisema.

Hakusema wreed nini. Hakuna supu, hakuna mvua, hakuna kitu kilichofuata. Neno lilisimama lenyewe.

"Amepita mvuani kilomita mia nne kwa ajili ya yai lake," alinong'ona, "na wewe unamzuia mlangoni."

"Yai halina kitu, Baba."

"Yeye hajui!"

"Mimi najua. Nililiziba kwa mkono wangu." Nikamfunga Fien mkanda wa kiti. "Baba, nikuulize. Mwezi wa Aprili, siku ile ya mtihani. Ulikuwa na Fien wewe. Alikuwa na homa?"

Alitazama paa.

"Nakuuliza wewe kwa sababu hudanganyi."

"Njiwa wangu..." alisema.

"Alikuwa na homa?"

Kopo lilinyamaza mkononi mwake. Arobaini na Saba alisogea hatua mbili kwenye vigae, akasita.

"Alilala mchana kutwa," alisema Odiel mwishowe. "Nilikuwa nasikiliza redio. Wannes hakuwapo, alikuwa mkahawani. Alifika dakika tano kabla yako." Akalamba midomo. "Nilifikiri umerudi kwa sababu umekumbuka nyumbani."

Nilisukuma baiskeli mpaka getini, kwi, kwi, nikasikia kiti chake kikikwaruza changarawe. Alinipita, taratibu, karibu na ukuta, akalishika geti kwa mikono yote miwili na kulinyanyua kidogo ili lisilie.

"Pita polepole," alisema bila kunitazama. "Usimshtue."

Mpaka leo sijui alimsemea nani. Njiwa, labda. Nilipita.

*

Mzee Gaston alikuwa ameshika funguo tayari kufunga. Aliniona nikishuka nikitweta, akamwona Fien mwenye viatu vya kushoto-kulia.

"Huyo naye ana mtihani?"

"Mzee Gaston, nakuomba. Saa mbili tu. Halii."

"Halii, halii," alisema, na tayari alikuwa amenyoosha mikono. "Mimi nina wajukuu tisa, wote halii. Nenda wewe, ingia."

Karatasi ilisema: Eleza neno lako. Toa mifano kutoka kwa watu unaoishi nao. Niliandika supu na mvua na kasisi. Niliandika, Nakupenda wreed. Kisha nikaandika mfano ambao Bi Lampaert alinidai tangu mwanzo, ule wa uso kwa uso, nikataja uani na saa saba na nusu. Nilipoutazama ulikuwa mzuri. Ulikuwa wa kweli, neno lilisimama. Lakini mwenye kuitwa katili humo nilikuwa mimi, na kalamu ikagoma.

Saa nane na dakika arobaini mlango uligongwa.

Mgongo wangu uliujua ule mlio wa vidole kabla sijageuka. Miguu ikataka kwenda. Mzee Gaston alisimama mlangoni, Fien mkononi mwake, Fien na biskuti ya mdalasini mkononi mwake yeye.

"Katelijne," alisema Gaston polepole, kama mtu anayesoma barua asiyoielewa. "Mumeo yuko kwenye simu. Anasema mtoto ana homa kali."

Halafu mtu wa "mkwe" akaguna, "Homa ya biskuti hiyo."

Bi Lampaert aliichukua karatasi yangu mezani. "Nitasimama hapa mlangoni na karatasi yako," alisema. "Anayesimamiwa hajatoka. Dakika mbili."

Nilimchukua Fien, nikashika simu.

"Kat? Asante Mungu. Anaungua. Anakuita, nimempakata hapa, Baba hajui la kufanya..." Sauti yake ilikuwa nzuri, ya upole, ileile. Nyuma yake vikombe vya kahawa viligongana. Mtu alicheka. Mtu mwingine akapiga kelele, "Wannes! Odiel bado hajapiga?"

Hajapiga. Ilikuwa karibu saa nzima na robo tangu nitoke getini. Baadaye nilikuja kuambiwa kuwa Arobaini na Saba alishuka baada ya dakika kumi na moja, na Odiel akamvua pete, akaitia kwenye saa kama kawaida. Simu ilikuwa ukutani jikoni. Angeweza kuripoti njiwa wake, angeweza kuripoti mkwewe. Hakuripoti chochote.

"Uko wapi, Wannes?"

"Nyumbani. Si nimekwambia? Nimempakata."

Fien alisikia sauti ndani ya simu. Alisogeza mdomo wenye makombo.

"Papa," alisema. "Nakula biskuti."

Mkahawani walikuwa bado wanacheka, nilisikia kila kikombe. Yeye sikumsikia hata pumzi.

Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, kilomita sita za maneno, na yote yalikuwa makali. Hata moja halikuja. Nilisema, "Tutaonana, Wannes, mtihani haujaisha," nikarudisha simu mahali pake.

Fien hakukubali kurudi kwa Gaston. Bi Lampaert akasema basi, akae. Alikaa chini ya meza, amejiegemeza kwenye mguu wangu, mzito na vuguvugu, vuguvugu la mtoto mzima asiyeumwa. Zilikuwa zimebaki dakika sabini na tano.

Nilivuta karatasi. Chini ya mfano wa uani niliandika: Mfano wa pili. Nikaandika jinsi yai linavyotobolewa, linavyokaushwa, na jinsi nzi anavyogonga. Nikaandika kwamba kazi hiyo niliifanya mimi, kwa mikono mizuri. Kisha nikaandika simu, ya Februari, ya Machi, ya Aprili na ya leo, pamoja na saa zake. Na neno nikaliweka mwisho wa sentensi, peke yake, bila kitu nyuma yake.

Chini ya meza Fien alinivuta sketi.

"Mama, tunaenda?"

"Tunaenda," nikamwambia. "Subiri nimalize ukurasa."